Tantra na mazoezi yake ya kila siku: tuyaiteje kwa Kiswahili?

Katika kartie ya Ngezi, hapa Bunia, mashariki mwa Kongo, neno "tantra" likitamkwa mbele ya watu linaamsha hofu mara moja: wengine wanafikiria ulozi na fetishi, wengine mafunzo ya chumbani waliyoyaona kwenye simu. Nadhani hofu hiyo inatokana na neno kuachwa bila maelezo, na Kiswahili kina uwezo mkubwa wa kulieleza.

Tantra ni neno la Kisanskriti. Mzizi wake, *tan*, ni kuvuta na kutandaza. Kiishio *-tra* kinataja chombo cha kufanyia kazi. Maana yake ya zamani ni kitanda cha mfumi, na hasa zile nyuzi zinazovutwa kwanza kabla nyingine hazijapitishwa katikati yake. Mafundi wa pwani wanaziita mtande, na zile za kukatiza mshindio. Baadaye neno likahamia kwenye mafundisho: tantra ikawa utaratibu mzima, kisha kitabu chenye utaratibu huo. Kiswahili kimepita njia hiyohiyo bila kumwiga mtu. Kutokana na kufuma tumepata mfumo, na leo tunasema mfumo wa elimu au mfumo wa sheria bila kukumbuka nguo. Tan na tanda havina undugu wowote, maana kitenzi chetu ni cha Kibantu, lakini anayesema mawingu yametanda juu ya Bunia ameshaishika nusu ya maana. Kwa hiyo ningeliacha neno tantra lilivyo, kama tulivyofanya kwa yoga, na kulifafanua hivi: mfumo wa mazoezi ya kiroho unaotumia mwili, pumzi na matamshi ili kuipanua nafsi.

Maandiko ya namna hiyo yalishamiri India kuanzia karne ya 5 au ya 6, kwa wafuasi wa mungu Shiva na pia kwa Wabudha, ambao waliyafikisha Tibet. Huko Kashmir, karibu na mwaka 1000, mwanafalsafa Abhinavagupta aliyakusanya na kuyafafanua katika kitabu chake Tantraloka. Ni kweli kwamba matawi mengine yalikuwa na ibada za pombe, nyama na tendo la ndoa. Hilo ni tawi, na kulifanya mti mzima ni kuwaonea watu wengi wanaokaa kimya alfajiri wakihesabu pumzi.

Mfano wa karibu zaidi na maisha ya watu wa kawaida ni Ananda Marga, yaani Njia ya Furaha, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1955 Jamalpur, jimbo la Bihar, na Prabhat Ranjan Sarkar, aliyekuwa karani wa reli. Walimu wake wamefika Afrika Mashariki pia, na Nairobi ni kituo chao kikubwa. Mfuasi huketi kutaamali mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Kabla ya kuketi hunawa uso, mikono na miguu kwa maji baridi; Mwislamu wa Bunia ataona kitu kinachofanana na udhu. Kisha hukaa mgongo wima, hufumba macho, na kurudia moyoni mantra, yaani matamshi matakatifu, aliyopewa na mwalimu wake ana kwa ana.

Hapa ndipo istilahi zinapotaka uangalifu. *Asana* asili yake ni kukaa, kwa hiyo mkao unatosha kabisa. Kuketi kwa fikra tuite taamuli. Kwa ile mantra inayorudiwa kila siku kwa idhini ya mwalimu, nachagua uradi, na idhini yenyewe niite ijaza, kwa sababu wenye tarika za Kiislamu wa pwani wamezoea jambo hilohilo tangu zamani: sheikh humpa mwanafunzi ijaza, naye hushika uradi wake hadi kufa. Najua wapo Wakristo wa Ngezi watakaosema maneno hayo ni ya msikitini. Lakini imani, ibada, sadaka na malaika vyote vimetoka Kiarabu, na vinahubiriwa makanisani kila Jumapili bila mtu kushtuka.

Gumu zaidi ni *sadhana*, juhudi ya kufikia lengo, jina la mazoezi yote hayo kwa pamoja. Ibada haifai, kwa sababu inaelekeza macho kwa anayeabudiwa, wakati sadhana inamgeukia mwenye kufanya. Wakatoliki wana mazoezi ya kiroho, jina la kitabu cha Ignatius wa Loyola kilichochapwa mwaka 1548, na ni jina zuri: zoezi limetoka kwa kuzoea, na sadhana isiyorudiwa si kitu. Kiswahili chetu cha Bunia kina kiishio cha mazoea, *-aka*, pale ambapo kile cha vitabuni hutumia *hu-*. Anayesema "naomba" anaweza kuwa anaomba sasa hivi tu. Anayesema "naombaka" anataja mwenendo wake, jambo alilofanya jana na atakalofanya kesho. Mwalimu akija Ngezi kufundisha taamuli, naomba asiione hiyo *-aka* kuwa kosa la kusahihishwa. Aitumie tangu somo la kwanza: tunanawaka, tunakaaka, tunarudiaka uradi.