Safu ya lugha: Wajina

Ita “Chacha!” sokoni Nyamwaga, wilayani Tarime, na watu watatu au wanne watageuka pamoja. Hao ni wajina: watu wenye jina moja. Pwani wajina wako huitwa pia somo. Neno wajina lina undugu ndani yake. Wajina husalimiana kwa furaha, hata kama hawajawahi kuonana.

Siku hizi wazazi wengi wanatafuta jina lisilo na wajina. Wapo wanaounganisha silabi za majina ya baba na mama, na wapo wanaochukua majina ya tamthilia na wachezaji wa mpira. Upya si kosa. Mashaka, Tabu na Sikujua nayo yalianza kama majina ya tukio, lakini kila moja lilieleweka. Hata Wambura, jina linalopendwa mkoani Mara, linabeba mvua: kwa Kikurya, mvua ni “imbura”.

Mzazi, kabla ya kuandikisha jina kwenye cheti cha kuzaliwa, jiulize: mwanangu akiulizwa maana ya jina lake, atajibu nini? Mpe jina lenye jibu.