Kambi Isiyo na Mwenyeji: Diego Garcia na Msamiati wa Kuondoa Watu, 1965–2025

Mjadala kuhusu haki ya dola kuweka kambi za kijeshi katika ardhi ya kigeni kwa kawaida huelekezwa kwenye usalama na gharama. Makala haya yanauangalia kupitia neno mwenyeji, ambalo katika Kiswahili hubeba maana mbili: mzawa wa mahali, na yule anayempokea mgeni. Kisiwa cha Diego Garcia, katika funguvisiwa la Chagos, kinaonyesha kinachotokea pale dola inapotaka kambi lakini haimtaki mwenyeji kwa maana yoyote kati ya hizo.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Stuart Barber, mpangaji wa kiraia katika Jeshi la Wanamaji la Marekani, alitambua kuwa makoloni yangepata uhuru na serikali mpya zingeweza kuwafukuza wanajeshi wa kigeni. Alipendekeza visiwa vidogo, vya mbali na vyenye watu wachache, vitengwe kabla uhuru haujafika. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Huko Zanzibar, kituo cha Marekani cha kufuatilia vyombo vya anga kilichokuwa Tunguu kiliondolewa mwaka 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi, ingawa hakikuwa kambi ya kijeshi. Mwenyeji alikuwapo, naye alikataa.

Tarehe 8 Novemba 1965 Uingereza iliitenga Chagos na Mauritius, iliyokuwa bado koloni lake, kwa malipo ya pauni milioni 3. Mwishoni mwa mwaka 1966 ikakubaliana na Marekani juu ya matumizi ya visiwa hivyo kwa miaka 50. Mauritius ilipopata uhuru mwaka 1968 ilikuwa imekwisha kumegwa.

Lakini visiwani kulikuwa na watu. Wachagos, wengi wao wakiwa wa uzao wa watumwa waliotoka Msumbiji na Madagaska kufanya kazi katika mashamba ya minazi, walikuwa wameishi huko kwa vizazi. Kifungu cha 73 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinaibebesha dola inayotawala koloni wajibu kwa wakazi wake. Maofisa wa London, kama nyaraka zao za ndani zilivyokuja kufichua, wakaukwepa wajibu huo kwa msamiati: wakazi wa kudumu wakaitwa vibarua wa mkataba. Hapa mtafiti wa lugha hana budi kusimama kidogo, kwa kuwa katika kisa hiki neno lilitangulia tendo. Asiye mwenyeji hafukuzwi. Husemwa tu kwamba amerudishwa kwao. Kati ya mwaka 1968 na 1973, watu wapatao 1,500 hadi 2,000 waliondolewa na kuachwa Mauritius na Shelisheli. Mbwa wao waliuawa kwa gesi.

Watetezi wa kambi wana hoja isiyopuuzika. Ndege za kivita ziliruka kutoka Diego Garcia katika vita vya Ghuba vya 1991, Afghanistan 2001 na Iraki 2003, bila bunge la nchi jirani kuwa na uwezo wa kuzizuia. Hata hivyo, madai ya mwenyeji aliyefutwa kwenye karatasi hayakufutika. Tarehe 25 Februari 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba utenganishaji wa 1965 haukuwa halali, na miezi mitatu baadaye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitaka Uingereza iondoke kwa kura 116 dhidi ya 6. Mkataba uliotiwa saini tarehe 22 Mei 2025 unatambua mamlaka ya Mauritius juu ya Chagos, huku Uingereza ikiendelea kuitumia Diego Garcia kwa miaka 99 kwa wastani wa pauni milioni 101 kwa mwaka. Mshauri wa sera anayedhani kisiwa kisicho na watu ni rahisi na alinganishe kiasi hicho na zile pauni milioni 3.

Mkataba huo, hata hivyo, ni wa dola mbili. Wachagos hawakuwa upande wowote wa mkataba. Unaipa Mauritius nafasi ya mwenye nyumba anayepangisha, na unairuhusu kuwarejesha watu katika visiwa vingine vya Chagos. Diego Garcia haimo.