Kalamu ya Babu Ina Umri Gani?

SEHEMU YA 1

Wiki hii tunapumzika na homa na upele, tunaingia kwenye historia kidogo. Ni historia ya kalamu, zile za zamani za kujaza wino. Nyumba nyingi zina moja imelala kwenye sanduku la bati, pamoja na vyeti vya ubatizo na picha za harusi zilizofifia.

Nataka kuwaonyesha jinsi kalamu hiyo inavyoweza kusema yenyewe ilitengenezwa lini. Msidhani ni mambo ya watu wenye muda wa kuchezea. Kwetu kalamu moja ilikaribia kuwagombanisha ndugu, nitalisimulia hilo sehemu ya 4. Msirukie huko kwanza, maana ukiruka hatua unaweza kusoma namba sahihi kabisa ukapata mwaka wa uongo.

Kabla ya kalamu hizi watu walikuwa wanachovya. Unachovya, unaandika maneno machache, unachovya tena. Shida ya kuweka wino ndani ya kalamu ilikuwa moja: ama hautoki, ama unatoka wote kwa pamoja. Mama anayenyonyesha kwa chupa ataelewa haraka. Kama hewa haiingii kwenye chupa, mtoto ananyonya mpaka anachoka na maziwa hayaji. Kalamu nayo ni hivyo hivyo, wino unashuka pale hewa inapopata njia ya kupanda. Mwaka 1884 Lewis Edson Waterman, muuza bima wa New York, alipata hataza ya njia nzuri ya kufanya hivyo. Kuna hadithi maarufu kwamba alipata wazo baada ya kalamu kumwagia wino mkataba wa mteja, akapoteza biashara. Hadithi tamu, lakini wanaochunguza historia ya kalamu hawaiamini. Ishikeni hiyo, kwamba kalamu na hadithi tamu ni marafiki wa siku nyingi.

Wa pili ni George Safford Parker, mwalimu wa telegrafu katika mji wa Janesville, jimbo la Wisconsin, Marekani. Alikuwa anawauzia wanafunzi wake kalamu ili kuongezea mshahara (walimu wenzetu mpo?). Kalamu zilivuja, wanafunzi wakamrudishia, akazitengeneza mpaka akaona bora atengeneze za kwake. Kampuni yake inahesabu umri wake tangu 1888.

Kalamu za mwanzo zilijazwa kwa kudondoshea, tone kwa tone, vile vile tunavyowapa watoto matone ya polio. Baadaye vikaja vifuko vya mpira ndani ya kalamu, vyenko, pampu. Kila kampuni ilikuwa na njia yake na ilibadilisha baada ya miaka kadhaa. Ndiyo maana tumbo la kalamu linasema mengi kuliko uso wake.

SEHEMU YA 2

Leo ni kalamu moja tu, Parker 51, kwa sababu ndiyo iliyopo kwetu, na ilitengenezwa kwa wingi sana.

Jina linatokana na umri wa kampuni. Ilikamilika 1939, kampuni ikiwa na miaka 51, wakaona namba itatosha kuwa jina. Marekani ilianza kuuzwa rasmi 1941, kwa dola 12 na senti 50 ile ya kawaida. Kwa wakati ule hizo ni pesa nyingi mno kwa kalamu.

Waliipa sura ambayo haikuwepo. Kalamu nyingi za kabla yake zina nibu iko wazi, ile bati ya dhahabu imejitokeza kama ulimi. Hii nibu yake imefichwa ndani, inachungulia ncha tu. Sababu ni wino. Parker walitengeneza wino unaokauka haraka sana, unaandika na kugeuza karatasi bila kusubiri. Sasa wino wa namna hiyo ungekauka kwenye nibu pia, ndiyo maana wakaifunika. Halafu wino wenyewe ulikuwa mkali, unakula plastiki za kalamu nyingine, basi mwili wa 51 ukatengenezwa kwa Lucite, plastiki ngumu ya jamii ile ile iliyotumika kwenye vioo vya ndege za vita.

Wakati wa vita kalamu hizi zilikuwepo, shikeni hilo. Mtu akisema babu yake alikuwa na Parker 51 mwaka 1944, hajasema kitu kisichowezekana.

Zile za mwanzo zilijazwa kwa pampu. Nyuma ya kalamu kuna kifuniko kidogo, ukikifungua unakuta kitufe cha kubonyeza mara kadhaa huku nibu ikiwa ndani ya chupa ya wino. Njia hiyo Parker waliitumia tangu kalamu yao ya Vacumatic, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ilifanya kazi vizuri, ila ndani kuna kiwambo cha mpira ambacho kikizeeka kinachakaa na kinahitaji fundi.

Mwaka 1948 wakabadilisha tumbo lote. 51 mpya haina kifuniko cha nyuma kabisa. Unafungua mwili wenyewe katikati, unakuta bomba la chuma linalong'aa, lina upenyo pembeni na kibati cha kubonyeza. Ndani ya bomba kuna kifuko cha plastiki. Kinafanya kazi sawasawa na kile kipira tunachotumia kunyonya makamasi ya mtoto mchanga: unabonyeza hewa inatoka, unaachia wino unaingia. Kwenye hilo bomba wamechora hadi maelekezo ya kujaza. Hivyo vifuko ni vigumu ajabu, vingi bado vinafanya kazi mpaka leo.

Kalamu hii iliendelea kutengenezwa hadi 1972. Kilichoiondoa sokoni ni kalamu ya kijisoka, hii tunayotumia sote wodini. Mnaijua ilivyoanza? Oktoba 1945 duka moja la New York liliuza kalamu za kijisoka kwa mara ya kwanza Marekani, kwa bei ile ile, dola 12 na senti 50, na watu walijazana mlangoni. Leo shilingi mia tano unapata na chenji.

SEHEMU YA 3

Haya, chukueni kalamu. Kaa karibu na dirisha, mtoto mkubwa ashike tochi, mdogo akae mbali (sababu nitaieleza).

Anza na jina. Kwenye Parker 51 nyingi jina limechorwa kuzunguka mdomo wa kifuniko, pamoja na nchi: MADE IN U.S.A. au MADE IN ENGLAND au nyingine. Hapa wengi wanapotea, kwa sababu kuna kalamu za Kichina za Hero, hasa 616, zinazofanana sana na 51. Nibu imefichwa vile vile, na kibanio kina umbo la mshale. Ukiona maandishi ya Kichina kwenye kifuniko, ni Hero. Ni kalamu nzuri tu, inaandika, ila usiende nayo kwa mnunuzi ukidai ya wakati wa vita. Na miaka ya karibuni Parker wenyewe wametoa tena kalamu yenye jina 51. Hiyo kifuniko chake kinafungwa kwa kuzungusha, wakati kile cha zamani unakivuta tu kinatoka.

Kibanio cha mshale cha Parker kilianza 1933. Kama kalamu ni Parker na ina mshale wake wa asili, basi haijatangulia mwaka huo.

Kisha angalia tumbo. Kitufe cha pampu kwa nyuma, ni 51 ya miaka ya 1940. Bomba la chuma la kubonyeza, ni 1948 au baadaye.

Namba zinakuja mwisho, na sababu yake ni hii. Sisi wauguzi tunasoma namba kwenye boksi la dawa kila siku, kuna namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Parker nao walikuwa na namba yao ndogo kwenye mwili wa kalamu. Kuanzia 1934 zilikuwa tarakimu mbili, ya kwanza robo ya mwaka, ya pili mwaka wenyewe. Kwa hiyo 36 hapo si mwaka 1936 mzima, ni robo ya tatu ya 1936. Kuanzia 1938 ikabaki tarakimu moja ya mwaka, na robo zikahesabiwa kwa nukta pembeni yake. Nukta tatu ni robo ya kwanza, mbili ni ya pili, moja ni ya tatu, na isiyo na nukta ni ya mwisho. Walipunguza nukta kadiri mwaka ulivyokwenda. Kwa fundi ni rahisi kufuta nukta kwenye chombo cha kuchapia kuliko kutengeneza kingine.

Sasa umekuta 8 peke yake. Ni 1938 au 1948? Namba haisemi. Tumbo na umbo ndivyo vinavyosema. Ukianza na namba kabla ya mwili, umekwisha. Ni sawa na kusoma kipimo cha damu bila kumtazama mgonjwa.

Zile za kuanzia miaka ya 1980 zina herufi badala ya tarakimu. Parker walichukua neno QUALITYPEN, lina herufi kumi, Q ikawa 0, U ikawa 1, kuendelea mpaka N ikawa 9. Hapo nimepita haraka, maana kalamu ya 1985 nyumbani kwako pengine aliyeinunua bado yupo, muulize.

SEHEMU YA 4

Haya, ile habari ya kwetu.

Babu mzaa mama alikuwa Keya. Alikwenda Burma, medali zake zipo. Wajomba zangu wamekua wakisema kalamu aliipewa na ofisa mzungu huko huko vitani, vita vilipoisha 1945. Imesimuliwa kwenye misiba na kwenye harusi. Na kwa kuwa ni kitu cha askari, walishakubaliana kiende pamoja na medali kwa mjomba mkubwa.

Bibi alikuwa na maneno yake. Alisema babu aliinunua mwenyewe Tanga mjini, alipokuwa karani kwenye shamba la mkonge, mwaka aliozaliwa mama mkubwa, ambaye ni mzaliwa wao wa kwanza. Mama mkubwa ni wa 1952. Bibi alitaka kalamu iende kwake. Wajomba wakawa wanacheka kidogo, kwa heshima, ile "bibi amechoka sasa". Mnaijua.

Tukiitazama kwa nje, wajomba wako sawa. Ni Parker 51, na 51 zilikuwepo vitani. Nikaifungua mbele yao. Katikati, siyo nyuma. Bomba la chuma, kibati cha kubonyeza, na kwenye kifuniko MADE IN ENGLAND. Bomba la namna hiyo halikuwepo kabla ya 1948. Hakuna ofisa Burma ambaye angempa mtu kalamu ile 1945.

Mjomba wa pili, ambaye ni fundi, akauliza swali la maana: je, haiwezekani mtu alibadilisha tumbo baadaye? Nikampa aishike. Mwili wa 51 ya pampu umetobolewa nyuma ili kitufe kitoke. Huu wa kwetu umezibwa, kipande kimoja mpaka mwisho. Akaugeuza, akaupapasa kwa kidole, akasema, "Hii ndivyo ilivyozaliwa."

Nataka muelewe kalamu imethibitisha nini na nini haijathibitisha. Mwaka wa kutengenezwa siyo mwaka wa kununuliwa. Kwa dalili hizi ni baada ya 1948 na si baada ya 1972, basi. Haikusema 1952. Ni kama kliniki tunapokadiria umri wa mimba. Napima urefu wa mimba, utrasaundi inatoa makadirio yake, lakini kama mama anakumbuka vizuri tarehe ya mwisho ya hedhi, neno lake nalo naliandika kwenye kadi. Kipimo kinakataa tarehe zisizowezekana. Hapa kipimo kilikataa 1945, na neno la bibi likabaki limesimama. Tena linaendana na mambo mengine. Wakati wa vita vya Korea, 1950 mpaka 1953, bei ya mkonge ilipaa sana, Tanga ikachangamka. Karani aliyetaka kalamu ya Kiingereza mfukoni mwa shati, na mke wake ana mtoto wa kwanza, sioni ajabu.

Bibi alikuwa amekaa kimya muda wote. Mjomba mkubwa alipomgeukia, alisema tu, "Mimba nilikuwa nayo mimi. Nyie mlikuwa wapi?"

Mjomba akacheka mpaka akafuta macho. Medali zimebaki kwake, ni haki yake. Kalamu iko kwa mama mkubwa.

SEHEMU YA 5

Fupi hii, nina zamu ya usiku.

Msisafishe kalamu kwa spiriti. Najua mikono inawasha kuichukua, lakini spiriti inaharibu plastiki za zamani, zinachanikachanika. Maji ya moto pia hapana. Tumia maji ya kawaida, yakiwa baridi sana yaache yawe vuguvugu, bonyeza na kuachia mpaka yatoke meupe. Wino wa miaka mingi unaweza kuchukua siku mbili.

Msiing'arishe kwa dawa ya kusugulia vyombo. Yale maandishi madogo ndiyo cheti chake cha kuzaliwa, na yakifutika hayarudi. Kama hayasomeki, pakaza unga wa chaki taratibu kwa kidole, futa juu, piga picha tochi ikiwa pembeni.

Wino wa mhuri usiweke kabisa, unaziba. Nunua wino wa chupa wa kalamu za kujaza.

Na mdogo niliyesema akae mbali: kile kifuniko kidogo cha nyuma cha kalamu za pampu kinatosha kabisa kuziba koo la mtoto wa mwaka mmoja. Kikidondoka, kitafuteni kwanza kabla ya kuendelea.

Wiki ijayo tunarudi kwenye upele wa nepi, nimeona maswali yenu.