Hassan Fathy na Nyumba za Udongo



Kamati ya madrasa yetu ilikaa kikao kujadili ujenzi wa vyumba viwili vya kusomea. Vile tulivyonavyo ni vya matofali ya saruji na mabati, na kila anayesomesha humo anaijua shida yake: baada ya adhuhuri watoto wanasinzia kwa joto, na mvua ikinyesha, hata upaze sauti vipi, mwanafunzi wa mstari wa nyuma hasikii herufi unayomsomea. Mmoja wetu akapendekeza kuta ziwe za matofali ya udongo, kwa kuwa ndiyo yenye ubaridi na ndiyo rahisi. Mzee mmoja tunayemheshimu sana akakasirika. Akasema yeye amezaliwa katika nyumba ya udongo, amehangaika umri wake wote kutoka humo, na hataki kuona wajukuu wake wakirudishwa. Kikao kikafungwa bila ya uamuzi.

Tulipowasimulia wanafunzi wakubwa, kijana mmoja akauliza: “Ustadh, kwani msikiti wa Mtume (s.a.w.) kule Madina ulijengwa kwa kitu gani?” Jibu analijua kila aliyesoma sira: matofali mabichi ya udongo, magogo ya mitende kuwa nguzo, na makuti juu. Lakini jibu hilo halimalizi hoja ya mzee wetu. Yeye hakusema kuwa udongo una ubaya katika dini. Alisema udongo ni alama ya ufukara. Basi tumeona tuwaandikie habari za Mmisri mmoja aliyekutana na hoja hiyo hiyo, akaishi nayo mpaka kufa kwake.

Kwanza tufahamu hali ya zama zake. Mwanzoni mwa karne ya 20 wasanifu majengo wa Ulaya walikuwa wamechoshwa na majumba yaliyojaa mapambo ya kuiga zama za kale. Adolf Loos wa Vienna aliandika kwa ukali akiyashambulia mapambo kuwa ni upotezaji wa kazi na mali. Mwaka 1919 ilifunguliwa shule ya Bauhaus huko Weimar, Ujerumani, iliyotaka usanii na kazi ya kiwanda viende pamoja. Ilifungwa mwaka 1933 kwa shinikizo la Wanazi. Na mwaka 1923 Le Corbusier alitoa kitabu chake mashuhuri huko Paris, akiifananisha nyumba na mashine ya kuishi ndani yake. Zege, chuma na kioo, paa bapa, kuta nyeupe zisizo na nakshi. Tusiwadharau watu hawa. Miji yao ilikuwa na wafanyakazi wengi waliorundikana katika vyumba vichafu, nao walitafuta njia ya kuwajengea wengi, kwa haraka, nyumba zenye mwanga na hewa. Tatizo lilianza fikra ile iliposafirishwa kama ilivyo, ikafanywa ndiyo maana ya maendeleo kwa kila nchi, yenye theluji na yenye jangwa.

Hassan Fathy alizaliwa Alexandria mwaka 1900 katika familia yenye uwezo. Alitaka kusomea kilimo, akashindwa mtihani wa kuingia, ndipo akageukia usanifu majengo na kuhitimu Cairo mwaka 1926. Kazi zake za mwanzo zilikuwa za mtindo wa Ulaya, kama alivyosomeshwa. Kilichombadilisha ni umaskini wa wakulima aliouona mashambani, na hesabu nyepesi: mkulima wa Misri hawezi kununua saruji, chuma wala mbao. Udongo anao miguuni mwake.

Kuta za udongo hazikuwa fumbo. Fumbo lilikuwa paa. Misri haina misitu, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili mbao na chuma vilikuwa adimu mno. Fathy alijaribu kujenga paa la tao kwa matofali ya udongo, likaanguka. Ndugu yake akamwambia kuwa Wanubi wa kusini huezeka kwa tofali tupu, bila hata ubao mmoja wa kuegemezea. Mwaka 1941 akasafiri mpaka Aswan, na kijijini Gharb Aswan akakuta nyumba zilizojengwa hivyo, na mafundi wenyewe wakiwa hai.

Hapa wanafunzi wetu wasikilize vizuri, maana ni hesabu ya vipimo iliyofanywa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kukaa darasani. Fundi wa Kinubi hujenga kwanza ukuta wa mwisho wa chumba, mrefu kuliko kuta mbili za pembeni. Kwenye ukuta huo huchora kwa udongo mstari wa tao, kwa jicho lake tu. Matofali ya paa huwa membamba, yenye majani makavu mengi ili yawe mepesi, na yakiwa bado maji fundi huyachora mifereji kwa vidole ili yashike vizuri kwenye tope. Kisha huyapanga yakiwa yameinama, yameulalia ukuta ule wa mwisho, kila mstari ukiegemea uliotangulia. Kwa kuwa yameinama hayaporomoki hata tao likiwa halijafungwa. Paa linasonga mbele mstari baada ya mstari mpaka chumba kinafunikwa. Maghala ya aina hiyo yapo hadi leo kwenye hekalu la Ramesseum, Luxor, na yana umri wa zaidi ya miaka 3,000. Kwa hiyo anayesema kuwa udongo haudumu, tumwombe kwanza aende Luxor.

Idara ya mambo ya kale ya Misri ilikuwa na shida yake. Ng'ambo ya Luxor, katika kijiji cha Gourna, watu wapatao 7,000 waliishi juu ya makaburi ya Wamisri wa kale, na baadhi yao walipata riziki kwa kuuza vilivyomo. Serikali ikaamua kuwahamisha, na Fathy akapewa kazi ya kujenga kijiji kipya. Ujenzi ulianza katikati ya miaka ya 1940. Akawaleta mafundi wa Kinubi ili wawafunze vijana, akajenga msikiti, soko, shule, ukumbi wa maonyesho na nyumba zenye ua wa ndani, pamoja na mianya ya kunasa upepo wa juu na kuushusha vyumbani. Hakutaka nyumba zifanane kama sabuni za sanduku moja. Alitaka kila familia isikilizwe na ipate yake. Na alishikilia kuwa maskini hawezi kujijengea akiwa peke yake, lakini jirani wakisaidiana kila mmoja atapata nyumba.

Kazi ilisimama mwaka 1948, sehemu kubwa ikiwa haijajengwa. Maofisa walichelewesha fedha na vifaa. Wanakijiji walio wengi walikataa kuhama, na Fathy mwenyewe amesimulia kuwa boma la kuzuia maji lilitobolewa makusudi ili kijiji kipya kifurike. Kwao kuhama kulikuwa ni kuacha riziki yao. Isitoshe, wengi waliziona zile kuba kuwa ni za makaburini, kwani huko kuba hujengwa juu ya maziara. Sisi twadhani hapo ndipo penye uzito wa kisa hiki. Mtu mwenye nia njema, aliyewahurumia maskini kuliko wenzake wote wa kazi ile, aliwapelekea nyumba wasioitaka katika uhamisho wasiouchagua. Anayemsifu Fathy bila kulitaja hilo anamsifu nusu. Naye hakuficha, aliandika yote katika kitabu chake kuhusu Gourna, kilichotoka Cairo mwaka 1969 na kuchapishwa tena Chicago mwaka 1973, na kitabu hicho kikawa mashuhuri kuliko kijiji chenyewe. Ama Gourna ya zamani, ilikuja kubomolewa kuanzia mwaka 2006, na wakazi wakahamishiwa katika nyumba za kisasa.

Mwaka 1980 Fathy alipewa Tuzo ya Mwenyekiti katika Tuzo za Aga Khan za Usanifu Majengo. Mwaka huo huo, akiwa na miaka 80, alikwenda Marekani na mafundi wa Kinubi. Waislamu wa huko walimwita Abiquiu, jimbo la New Mexico, awajengee msikiti na madrasa ya Dar al-Islam. Vimesimama mpaka leo, vya udongo, na kuba zake. Wenyeji wa sehemu ile nao hujenga kwa matofali ya udongo, na huyaita adobe. Wanafunzi wa Kiarabu watalitambua neno hilo: ni at-tuub, lililovuka kutoka Misri na Maghribi hadi Hispania, kisha likavuka bahari. Fathy alifariki Cairo mwaka 1989.

Yule mzee wetu ana hoja nyingine ya haki: Luxor hainyeshi, kwetu kunanyesha. Kuba la udongo mtupu halitamaliza masika mawili hapa. Lakini wapo waliolifikiria hilo. Francis Kéré alijenga shule ya msingi kijijini kwao Gando, Burkina Faso, ikamalizika mwaka 2001. Wanakijiji walishuku, wakisema udongo na mvua havikai pamoja. Akatengeneza matofali ya udongo ulioshindiliwa na kuchanganywa saruji kidogo, akaweka dari la tofali, na juu yake, kwa kuacha nafasi, akainua bati pana linalofunika kuta zote. Mvua haifiki ukutani, na hewa ya moto inatoka katikati ya dari na bati. Mwaka 2022 Kéré alipata Tuzo ya Pritzker, Mwafrika wa kwanza kuipata. Na karibu nasi zaidi, hospitali ya upasuaji wa watoto ya Entebbe, Uganda, iliyofunguliwa mwaka 2021, ina kuta za udongo ulioshindiliwa. Aliyeisanifu ni Renzo Piano wa Italia, na hakuna anayeiita hospitali ya maskini.

Tulimpelekea mzee picha za Gando, akazitazama kwa muda. Kisha akauliza nani atakayekuwa akipaka na kuziba nyufa kila mwaka, maana nyumbani kwao kazi hiyo ilikuwa ya mama yake. Swali hilo tumeliandika la kwanza katika ajenda ya kikao kijacho, na mzee amekubali, in shaa Allah, kuwa ndiye atakayekifungua.