Vumbi Ndani ya Mabasi ya Ufipa

Kabla barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga haijawekwa lami kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, chini ya mkataba uliotiwa saini mwaka 2008 na kumalizika 2013, usafi wa ndani ya basi ulikuwa sehemu ya ufundi wa safari, jambo ambalo waandishi wa historia ya barabara, kwa kupenda kwao madaraja, hulipita kimya. Wakati wa kiangazi vumbi la uwanda wa juu wa Ufipa lilipenya kwenye mipira ya madirisha na matundu ya sakafu, likatanda juu ya viti na mizigo. Utingo, yaani msaidizi wa dereva na kondakta, alinyunyiza maji sakafuni kabla ya kufagia, kwani ufagio mkavu ungelirusha tu vumbi hewani likatua tena palepale, kisha akapangusa viti kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa vizuri, maana maji yakizidi yaliingia kwenye sponji kupitia mishono iliyofumuka na kuiozesha. Masika yalileta matope ya kukwangua, na harufu ya dagaa wa Ziwa Tanganyika ilidai sabuni. Lami ilipunguza vumbi. Dagaa waliendelea kusafiri.