Sauti ya Kiswahili Juu ya Vichekesho vya Hong Kong

Sinema ya Kikantoni, lugha ya wakazi wengi wa Hong Kong, ilifufuka baada ya filamu ya The House of 72 Tenants ya mwaka 1973 kuirudisha lugha hiyo kwenye kumbi zilizokuwa zimetawaliwa na Kimandarini. Miaka kumi baadaye kampuni ya Shaw Brothers, iliyojijengea jina kwa filamu za panga na kung fu, ilitoa Twinkle, Twinkle, Little Star, ambamo mwongozaji Alex Cheung alizikejeli filamu za Marekani za sayansi ya kubuni, hasa Star Wars, kwa kuyageuza mapanga ya mwanga na vyombo vya angani kuwa chanzo cha purukushani. Katika kazi za aina hii mtu anayeanguka huchekesha popote, lakini utani uliojengwa juu ya toni za Kikantoni hupotea mara tu unapofupishwa kuwa maandishi chini ya picha.

Afrika Mashariki ililikabili tatizo hilo kwa sauti ya mtu. Kama ilivyokuwa kwa benshi wa Japani, waliosimama kando ya skrini kusimulia filamu zisizo na sauti, masimulizi ya filamu za kigeni yalikuwa sanaa kamili: nchini Uganda msimulizi huitwa VJ na aghalabu hutumia Kiganda, Dar es Salaam ilimjua Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu, na Kenya ilimpata DJ Afro, ambaye Kiswahili chake chenye lafudhi ya mtaani kilifunika sauti asilia za filamu za Hong Kong, India na Marekani.

Sanaa hiyo ilikuwa na sababu za pekee za kustawi Eldoret, mji uliochipuka kwenye shamba namba 64, ukafikiwa na reli mwaka 1924 na baadaye kuvuta wafanyakazi wa viwanda vya nguo kutoka pande nyingi. Katika mitaa yake, Pioneer ukiwemo, Mkalenjin, Mluhya, Mkikuyu na Mjaluo huishi ua kwa ua, na Kiswahili ndicho kinachowawezesha kucheka pamoja na kwa wakati mmoja. Msimulizi hakufasiri neno kwa neno. Alimtambulisha staringi, yaani mhusika mkuu, akamkemea adui, na palipokuwa na mzaha usiofasirika akaweka wake. Huo ni utunzi, na unastahili kuhesabiwa hivyo.

Hatua ya mbali zaidi ilipigwa Wakaliga, Kampala, ambako Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? (2010), filamu ya mapigano na vichekesho ambamo VJ Emmie anasikika akiwatania wahusika na kuwachochea watazamaji, msimulizi akiwa sasa amerekodiwa ndani ya filamu yenyewe.