Mwani Ulifika Paje Kutoka Ufilipino, wa Kwetu Ukabaki Mwambani

Ugomvi wa wenye hoteli na wakulima wa mwani katika pwani ya mashariki ya Unguja haujapoa. Mwenye hoteli anataka ufuo mtupu wa kupigia picha. Mama wa Paje anasubiri maji yapwe akafunge mwani kwenye kamba zake. Pande zote mbili huhesabu historia kuanzia mwaka 1989, kilimo cha biashara kilipoanza Paje na Jambiani. Mwani wenyewe una historia ndefu zaidi.

Enzi za ukoloni watu wa pwani waliokota mwani mwitu, wakauanika, ukasafirishwa Ulaya. Kufikia miaka ya 1970 biashara hiyo ilikuwa imedorora. Hapo ndipo anapoingia Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye mwaka 1973 aliandika juu ya uvunaji wa mwani nchini na mwaka uliofuata akapata shahada ya uzamivu Hawaii, kwenye chuo cha Maxwell Doty, mmoja wa waanzilishi wa kilimo cha mwani Ufilipino. Vijana wangapi wa Zanzibar wamefundishwa jina la Mshigeni?

Miaka hiyohiyo Mnorwe Erik Jaasund alikuwa akiorodhesha mwani wa maji yetu ya kupwa na kujaa; kitabu chake kilitoka mwaka 1976. Upo wa kijani, wa kahawia na mwekundu. Baadhi ya mwani mwekundu una chokaa, nao hushikamanisha vipande vya matumbawe hadi vikawa mwamba unaovunja mawimbi kabla hayajafika ufukweni. Mwingine una karajinani, ute unaozipa uzito aiskrimu na dawa ya meno. Huo ndio uliowaleta wanunuzi.

Majaribio ya kilimo ya miaka ya 1980 yalitumia mwani wa kienyeji, lakini hayakuzaa kilimo cha biashara. Mwaka 1989 ikaletwa mbegu ya Ufilipino, aina mbili ziitwazo spinosamu na kotonii. Neno mbegu lisitudanganye: mkulima hukata kipande cha mwani wa jana na kukifunga kwenye kamba, kikakua, kikakatwa tena. Shamba zima ni mwili mmoja uliogawanywa. Likiingia gonjwa, hakuna tawi lenye damu tofauti la kulihimili.

Likaingia. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotonii, wenye bei nzuri zaidi, ulianza kufa katika maji mafupi yanayopata joto kali. Matawi hupauka, hulainika, hukatika. Wakulima wakabaki na spinosamu, mgumu zaidi lakini wa bei ya kusikitisha. Nao una hasira zake: katika miaka ya 1990 Matern Mtolera na wenzake walionyesha kwamba ukibanwa na jua kali au mimea jirani hutoa haidrojeni peroksaidi, sumu inayodhuru majirani na hata mwani wenyewe.

Je, ule wa kienyeji uliishia wapi? Upo. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mwani wa mashambani ni wa asili ya Asia, na kwamba mwituni bado kuna spinosamu wa Afrika Mashariki, japo wa Asia nao umeshatorokea huko. Hawaii, ambako Doty alipanda jamaa za mwani huohuo katika ghuba ya Kaneohe miaka ya 1970, mwani huo ulitoroka vilevile ukaja kufunika matumbawe. Sisi tumejadili bei kwa zaidi ya miaka thelathini, na ni nadra kusikia mkutano wa wakulima ukiuliza juu ya mbegu iliyoko mwambani. Huo ni uzembe wa wataalamu na serikali. Mkulima hana maabara.

Mengine ya kilimo hicho yanajulikana: wanaume wengi waliacha kilimo, wanawake wakawa zaidi ya asilimia 80 ya wakulima, sabuni za mwani zikaingia madukani, wimbo wa Uchumi wa Buluu ukaanza. Flower Msuya, aliyefanya utafiti katika Taasisi ya Sayansi za Bahari, amewafundisha wanawake kupanda kotonii kwenye nyavu katika maji marefu yenye ubaridi, na unakua. Ila huko hakufikiki kwa miguu: kunataka chombo na kujua kuogelea. Wengi wa akina mama hao hawajui kuogelea, na vyombo ni vya wanaume.